Nilitoa Koti, Nikatia Senene

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari, waulize wote wanaonijua. Safari hii sina cha kujitetea nacho. Nilimharibia mdogo wangu wa damu jambo alilolilia miaka, kisha nikamtupia kosa langu kijana wa watu asiye na hatia.

Majina nimeyabadilisha, na langu silitaji. Lakini hapa kwetu Mabira tunajuana. Atakayenitambua humu anitambue tu, ameze mate, aendelee kusoma.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na tisa. Naishi na mama yetu na mdogo wangu Adela, mwenye miaka ishirini na minne. Baba alipofariki Adela alikuwa wa kubebwa, na mgongo uliombeba ni huu wangu. Ndiyo maana nilijiona nina haki juu ya kila kitu chake. Mnaona nilivyoanza kujitetea?

Adela anakimbia. Alianza tangu akiwa na kidumu cha maji kichwani. Wenzake wanapanda bodaboda kwenda mjini Rubwera, yeye anakatiza njia za ng'ombe juu ya vilima, anafika anahema kama mtu aliyetoka chumba cha pili. Anajitolea kufundisha michezo shule ya msingi, bila ajira, na ndoto yake ni moja tu: awe kocha aliyesomea.

Sasa, usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa Uswisi, huko kwenye milima ya Alpi. Miaka miwili iliyopita alikuja mgeni kutoka huko, Mama Ursula, akalala kwetu siku nne. Mama wa miaka sitini na ushee, mwembamba kama fito, na kila alfajiri yuko mlimani anakimbia na Adela! Aliyempikia ni mimi. Matoke alikula, maharage alikula, nikamkaangia senene, panzi wetu wa msimu, akatafuna mpaka akalamba vidole. Siku ya kuondoka alinikumbatia, akasema tangu azaliwe hajala kitu kitamu vile. Hilo neno lilinikaa kichwani.

Mwaka huu ukaja mwaliko. Vijana wawili wa jimbo letu waende wakakimbie mbio za mlimani za kijiji cha Mama Ursula, kilomita kumi na nane, ambazo kwao eti ni mbio fupi. Kati ya hao wawili, atakayemaliza akiwa mbele ya mwenzake, klabu yao ya mbio itamchukua mwaka mzima kumfundisha ukocha. Malazi juu yao, chakula juu yao, anarudi na cheti.

Wakachaguliwa Adela na Deusi. Deusi ni kijana wa Chonyonyo, kule Karagwe, mkulima wa kahawa, mpole hadi unamhurumia. Walifahamiana kwenye kwaya ya jimbo, wakawa marafiki wa kukimbia. Kwenye tambarare Deusi anakaza, lakini mlima ukianza kupanda Adela anamwacha anahesabu mawe. Kila mtu alijua nafasi ile ni ya Adela. Deusi mwenyewe alikuwa anasema, "Mimi naenda kumsindikiza."

Ikaja orodha ya vitu vya lazima, vile ambavyo kila mkimbiaji anabeba mgongoni. Adela akaiandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni. Koti la mvua lenye kofia. Suruali ya mvua. Glovu. Kofia ya sufu. Bandeji. Blanketi la dharura, lile linalong'aa kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Filimbi.

"Filimbi?" nikamuuliza. "Unaenda kukimbia au kuongoza magari?"

"Dada, ukianguka kwenye ukungu unapuliza, watu wakusikie."

"Si upige kelele tu?"

"Baridi ikikushika, sauti haitoki."

"Baridi! Sisi ndio wa kutishwa baridi? Mwezi wa saba hapa si tunalala na makaa chumbani?"

Akacheka, akaendelea kufunga begi lake. Na alivyolifunga! Wiki tatu nzima kazi yake ilikuwa kupanga na kupangua. Anajaza kibegi, anapanda nacho kilima, anarudi, anakimwaga kitandani, anapunguza kitu, anakijaza tena. Mswaki aliukata mpini. Sabuni akaikata robo. Mama akawa anamwangalia anatikisa kichwa, "Huyu mtoto anaenda vitani?"

Koti lenyewe alitumiwa na Mama Ursula, la rangi ya chungwa, na Deusi akapata la bluu. Likikunjwa linaingia kwenye kifuko chake chenye kamba, linakuwa dogo kama papai changa. Nililishika siku ya kwanza nikaguna. Mimi kitambaa nakijua jamani, nimekula kwa vitambaa miaka kumi na saba. Nikasema hili si koti, hii ni bitana ya ndani ya koti!

Adela akaligeuza ndani nje, akanionyesha mishono ilivyozibwa kwa utepe ili maji yasipenye. Fundi mzima naonyeshwa mishono na mtoto niliyemfundisha mimi kutia uzi kwenye sindano! Iliniuma. Nilimrudishia koti lake, lakini iliniuma.

Siku mbili kabla ya safari tukagombana. Sanduku lake kubwa tulilipima kwa mizani ya kahawa, tulilitundika kwenye boriti ya ghala, likaja kilo ishirini na tatu, ndio mwisho wa ndege. Nikaja na mfuko wangu wa senene. Za masika, nimezichambua mwenyewe mbawa na miguu, nimezikaanga mpaka zinalia. Nikamwambia hizi ni za Mama Ursula.

"Dada, senene hapana. Kahawa nabeba, na kikapu kidogo. Mzigo umejaa."

"Mtu amelala kwetu siku nne, unamwendea mikono mitupu?"

"Kahawa ni mikono mitupu?"

"Kahawa anauziwa dukani kwao! Senene atazitoa wapi?"

"Deusi anazo. Mama yake amemfungia za kutosha, tutampa kwa pamoja."

Mawe, mama wee! Hapo ndipo aliponimaliza. Yaani senene za mama yake Deusi ndizo zitaliwa, asifiwe yeye, na mimi niliyempikia mgeni nibaki na moshi wangu? Huku kwetu mtu akikutembelea akala kwako, siku ukimtembelea anafungua mzigo wako mbele ya watu. Wanaangalia. Mzigo ndio unasema umetoka nyumba ya namna gani. Nilimwona akilini Mama Ursula akisema mbele ya majirani zake, "Hizi zinatoka kwa mama yake Deusi." Sikulala vizuri.

Asubuhi ya safari, Deusi alikuja mapema na mizigo yake. Mizigo yote ikawekwa sebuleni, wao wakaenda kanisani kuombewa. Mama akaenda nao. Mimi nikasema nabaki kukaanga chapati.

Chapati zilikuwa zimeshaiva.

Nikafungua kibegi cha mbio cha Adela. Hicho hakipimwi, nilijua. Kila kitu kimebanwa, hapaingii hata kidole. Nikatoa kifuko cha chungwa, nikalegeza kamba, nikachomoa lile koti. Nikatia bahasha yangu ya kaki yenye senene. Ilikaa sawasawa, utadhani nimeikatia vipimo. Nikafunga kamba kwa kifundo kilekile chake, maana kifundo hakinishindi, nikarudisha kila kitu palepale.

Koti nikalichimbia kwenye gunia la maharage ghalani.

Nilijua ninachofanya? Nilijua nusu. Nilijiambia, atakuwa na sweta. Nina sweta la sufu nzito nililolifuma mwenyewe, ukilivaa unatoka jasho. Waliporudi nikamvalisha kwa nguvu mlangoni, "Huko kuna baridi, vaa!" Akacheka, akalivaa kunifurahisha. Nikajiambia pia, akifika tu nampigia simu, namwambia, "Fungua kifuko, kuna zawadi ya Mama Ursula." Atafoka kidogo, kisha watakula, watacheka, na koti watamwazima huko. Kwani Ulaya makoti yatakosekana?

Ona akili hiyo!

Walipitia Kigali, wakaruka, wakafika salama. Jumatano Adela akapiga simu. Mama akaweka sauti kubwa, na akina mama wa kwaya walikuwa wamekuja kusikia habari. Sebule imejaa.

"Shikamoo mama! Tumefika! Milima huku haina mwisho!"

Wakapiga vigelegele. Nikachukua simu.

"Dada, Mama Ursula anakusalimia. Ameniuliza kama begi la mbio liko tayari, nikamwambia sijaligusa tangu nyumbani, liko vilevile nilivyolifunga. Ananisifu kweli."

Wapendwa, hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu! Lakini ile sebule yote ilikuwa inaniangalia, na Adela anafurahi, na mimi nitasemaje mbele ya akina mama wale kwamba nimepekua begi la mtoto? Nikasema, "Haya, kimbia vizuri mwanangu."

Nilimpa mama simu yake nikatoka nje.

Mbio zilikuwa Jumamosi. Alhamisi niliandika ujumbe, nikafuta. Ijumaa nikaandika tena, "Adela fungua kifuko cha chungwa," nikauangalia, nikafuta. Nikajiambia mkimbiaji akishakimbia anapata joto, kwani atalifungua la nini? Siku tatu, simu mkononi, bando lipo! Hakuna mtu aliyenizuia ila kiburi changu.

Yaliyotokea huko nilikuja kuyasikia kwa kinywa cha Deusi mwenyewe.

Asubuhi ile walipandishwa kwa basi mpaka kijiji cha juu zinakoanzia mbio. Mama Ursula alibaki bondeni kwenye mwisho, awapokee. Huko juu mvua nyembamba, upepo, ukungu umeshuka hata mlima wenyewe hauonekani. Msimamizi akatangaza: leo hakuna anayevuka kamba kabla hajavaa koti lake la mvua. Watu wote wakaanza kuchomoa na kuvaa. Adela naye akavua kibegi, akatoa kifuko, akavuta kamba.

Bahasha ikapasuka kwa maji. Senene zikamwagika kiganjani kwake, nyingine kwenye nyasi, miguuni pa watu.

Deusi anasema waliosimama karibu walirudi nyuma hatua moja. Adela alikuwa anaangalia ndani ya kifuko, anakipindua, anaangalia tena. Msimamizi akamwonyesha koti lake mwenyewe kwa ishara, "La kwako liko wapi?" Adela akamwonyesha sweta langu. Yule baba akalishika, likatiririka maji mkononi mwake. Sufu nzito inanyonya maji kama sponji, na hilo nalijua, nimelijua miaka kumi na saba! Akatikisa kichwa.

Deusi akavua la bluu. "Chukua, wewe ndiye mwenye mbio."

Adela akakataa. "Vaa. Angalau mmoja wetu akimbie."

Dakika zilikuwa zimekwisha. Wakaondoka wote, mamia ya watu na makoti yao, wakamezwa na ukungu. Mdogo wangu akabaki nyuma ya kamba na sweta lililolowa, anaokota senene moja moja kwenye nyasi za watu, asichafue.

Deusi alimaliza. Hakuwa na wa kumpita, hivyo nafasi ikawa yake.

Jioni Adela akanipigia. Hakunisalimia.

"Dada. Ulifungua begi langu?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Begi gani? Mimi si nilikuwa jikoni na chapati?"

"Kulikuwa na senene ndani ya kifuko cha koti. Koti halimo."

"Makubwa! Senene?" Nilishangaa vizuri kabisa, mngenipa tuzo. Nilisikia anavuta pumzi kama anayelia. Na mimi badala ya kumwonea huruma nikaogopa atafikiri zaidi. Nikasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Adela, si ulisema Deusi ndiye mwenye senene? Si mama yake alimfungia? Na nafasi kapata nani?"

Akakata simu.

Hilo ndilo ungamo langu hasa. Koti ni ujinga, na ujinga mtu anasamehewa. Lakini maneno yale niliyachagua.

Waliporudi walishuka kwenye gari moja hawasemezani. Adela alikonda. Raba zake alizitundika kwenye msumari, akaacha kukimbia. Na habari haikukaa ndani, habari gani hukaa ndani? Mara nikasikia kisimani kwamba kijana wa Chonyonyo alimfanyia mwenzake hila. Mara ikafika Rubwera. Wiki ya tatu kamati ya vijana ya jimbo ikamwita Deusi kabla ya kumpa barua ya kwenda kuanza mafunzo.

Kikao kile nilikuwepo. Mimi ndiye niliyepika chai.

Deusi alisimama na shati lake la kwaya. Akajieleza kwa ufupi, akasema hajagusa begi la mtu. Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa senene ziliingia zenyewe?" Watu wakacheka. Kisha Deusi akageuka, akaniona nimeshika birika.

"Dada, wewe ulikuwepo siku ile mizigo iko sebuleni. Hebu niambie mbele ya wazee. Uliniona nikigusa begi la Adela?"

Aliniangalia kwa matumaini, jamani. Alidhani amepata shahidi.

Nikasema, "Mimi sikuona kitu."

Si uongo, eti? Sikumwona akigusa. Na sikusema kwamba hakugusa. Nikaendelea kumimina chai. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linanitisha hadi leo.

Wakamnyima barua. Mchungaji akawaandikia wenyeji kwamba safari hii usharika wetu hauna wa kumleta, na nafasi ikapewa kijana wa usharika mwingine, nchi nyingine kabisa. Deusi akaondolewa kwenye uongozi wa vijana. Na mama yake, nilisikia, akaacha kwenda kanisani.

Mnataka kucheka? Mama Ursula alituma ujumbe kushukuru zawadi. Adela alimpelekea zile senene alizookota, na zilizobaki kwenye bahasha. Mama Ursula akasema zilikuwa tamu sana, "Mshukuruni mama yake Deusi." Ndicho nilichokipata kwa zawadi yangu.

Vuli ikaja. Siku moja, saa nne asubuhi, mvua ikapiga ghafla. Niko nyumbani nadarizi kola, Adela anasahihisha madaftari ya watoto karibu na dirisha. Mama alikuwa ghalani anachota maharage, kisha nikasikia anapita nje kwenda kibanjani, shambani kwetu, kuwahi kahawa aliyokuwa ameianika. Adela akainua kichwa.

Akaweka kalamu chini.

Nikaangalia anakoangalia. Mama yetu alikuwa kwenye migomba, ameinama juu ya turubai la kahawa, na mgongoni amevaa koti la rangi ya chungwa lenye kofia. Mvua inamteleza kama inavyoteleza kwenye jani la mgomba. Akaingia ndani anacheka, mkavu kabisa.

"Kumbe tuna koti zuri hivi na mnaliacha kwenye maharage! Halipitishi hata tone!"

Adela akasema, "Umependeza, mama." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akamvua taratibu, akalikung'uta, akalikunja. Mama alipokwenda jikoni, akanigeukia.

Nilijaribu. Nisiwadanganye, hata pale nilijaribu. Nikasema, "Labda panya..."

"Dada!"

Nikaanguka magotini. Nikasema yote, kuanzia mizani mpaka birika. Nililia mpaka kamasi. Adela hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu:

"Siku ile napiga simu, Jumatano. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku tatu."

"Siku tatu, Adela."

Akanyanyuka. Akadhani nitamwomba msamaha, nikawa namwomba kweli, akanikatiza. "Mimi niache kwanza. Deusi ndiye uliyemuua." Akaniwekea koti mapajani. "Kesho utalivaa, uende nalo Chonyonyo. Na ulivae njia nzima."

Kesho yake jua lilikuwa kali utadhani mvua haijawahi kunyesha. Nikalivaa. Bodaboda ya kwanza, gari, bodaboda ya pili. Watu wananiangalia, mtu mzima kwenye jua na koti la mvua limefungwa mpaka shingoni. Dereva akaniuliza, "Mama, unaumwa homa?" Nikamwambia endesha.

Mama yake Deusi nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya matoke. Hakunijua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia kwa furaha, akanitandikia mkeka, akaenda ndani. Hajauliza nimetoka wapi wala nimefuata nini, maana mgeni haulizwi kabla hajatia kitu kinywani. Akarudi na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na kisahani cha senene.

Nilishindwa hata kunyoosha mkono. "Kula, waitu," ananiambia. "Zimebaki hizi, nyingine nilimfungia mwanangu akaenda nazo Ulaya. Huenda ulisikia mambo yake."

Nikamwambia, "Mama, mambo yake yako hapa, nimeyavaa."

Deusi alitoka shambani nikiwa katikati ya maneno. Akasimama na panga lake, anasikiliza. Nilipomaliza, mama yake alichukua kile kisahani, akakirudisha ndani, akafunga mlango. Hakutoka tena mpaka naondoka. Ningependa angenitukana.

Deusi alikaa chini mbali kidogo. Kisha akasema, "Dada, nilikuuliza mbele ya wazee."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa sababu nilijua wewe ni mtu mzima."

Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye viatu. Akaniangalia, akasema, "Vua koti, utaanguka." Nikavua. Akaniletea maji ya kunywa.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika nikasema kama nilivyosema hapa. Deusi walimwomba radhi, na uongozi wa vijana wakataka kumrudishia, akasema asante, hapana. Mchungaji akawaandikia wenyeji upya. Mama Ursula akajibu kwa upole kwamba anasikitika, mafunzo yameshaanza na nafasi ilikuwa moja. Adela na Deusi wanasemezana sasa. Mama yake Deusi sijui kama atakuja kunifungulia mlango ule. Wateja wangu nao wamepungua. Mtu anakuletea kitambaa kizuri, unaona anavyokishikilia, anajiuliza kama akigeuka nitakibadilisha.

Naandika kwenu, na hasa kwenu akina dada wakubwa, mlioachiwa wadogo mkawalea. Zawadi ni nzuri, sikatai, hata mimi bado nafunga. Lakini ukimfungia mtu mzigo, mwambie ulichokitia na ulichokitoa. Orodha yake hata ukiiona ya kichekesho, kuna mtu atasimama kwenye mvua kwa sababu ya kitu kimoja ulichokiona bitana. Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo! Kosa likiwa changa unaaibika mbele ya akina mama wa kwaya. Ukiliacha likue, linakwenda kula nyumba za watu.

Adela ameanza kukimbia tena. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mbio ndogo za vilima, watu wa huku huku. Asubuhi alikuja chumbani kwangu na kibegi chake, akakipindua, akakikung'uta chote juu ya kitanda changu. Akaanza kurudisha kitu kimoja kimoja, anakitaja kwa jina, macho yako kwangu. Filimbi. Glovu. Blanketi. Kile kifuko cha chungwa alikiweka cha mwisho. Alilegeza kamba, akavuta koti lote nje, akalitandaza nilione mikono miwili na kofia.

"Umeliona, Dada?"

"Nimeliona."

Akalikunja, akalifunga, akaondoka. Atakuwa ananifanyia hivyo kila safari, aliniambia, na mimi nimemwambia ni haki yake.